Masikio ya Mbuzi wa Keinan

Ukitaka kumjua Keinan Bulle, usianze na yeye. Anza na mbuzi wake, halafu mwangalie anavyowatazama. Mchungaji mwingine huangalia tumbo kama limejaa, au mguu kama unachechemea. Keinan aliangalia masikio. Mbuzi wakiinua vichwa na masikio yakageukia upande mmoja, naye aligeukia upande huo huo, taratibu, kama mtu aliyesikia jambo lakini halimbabaishi. Na kumbe hakuwa amesikia kitu.

Keinan alikuwa kiziwi. Katika kijiji kile kizima aliyejua ni mtu mmoja tu, mkewe Sirad, na Sirad alikuwa akiificha siri hiyo kama watu wengine wanavyoficha bunduki.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa sitini na sita. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ndani ya seng'enge na miiba, mwendo wa nusu siku kutoka Garissa mjini, ili mashifta, wale waasi wenye bunduki, wasipate mtu wa kuwapa maziwa huko porini. Asubuhi lango lilifunguliwa, wenye ruhusa wakatoka na mifugo. Jua likianza kulala lango lilifungwa. Askari akikuita, unasimama. Akikuita mara ya pili na bado unatembea, hiyo ya tatu inasemwa na bunduki. Katika kijiji cha jirani kulikuwa na mzee mzito wa masikio, akazikwa kwa sheria hiyo. Baada ya hapo ikatoka amri kambi zote: wagonjwa, vipofu na viziwi wasivuke lango. Walisema ni kwa usalama wao wenyewe.

Lakini mbuzi hawajui amri. Keinan hakuwa na mtoto wa kiume. Binti yake wa pekee, Kinsi, alikuwa ameolewa Habaswein. Ngamia walichukuliwa katika msako, wale waliobaki wakafa kwa kiu wakati wa kuhamishwa. Sasa mali yote ya nyumba ile ilikuwa ni hao mbuzi, na mbuzi aliyebaki ndani ya seng'enge alikula mikeka ya vibanda kwa siku chache, kisha akalala chini asiinuke tena. Kwa hiyo Keinan alitoka. Kila siku alitoka, na kila jioni alirudi mbele ya mtutu wa bunduki akijifanya mtu anayesikia.

Alikuwa na ufundi wake. Hakutangulia hata siku moja, wala hakutembea peke yake. Alimfuata Issack Kerrow, jirani yake, mtu mnene wa maneno ambaye mikono yake ilisema kila ambacho mdomo ulisema. Issack akisimama, Keinan anasimama. Issack akiinua fimbo kuitikia jina lake langoni, Keinan anajua linalofuata ni lake. Na kama Issack kasogea mbali, wapo mbuzi. Alikuwepo jike mmoja mweupe, mwoga kupita wote, ambaye masikio yake yaliruka hata kwa mlio wa bolti ya bunduki. Huyo Keinan alimweka karibu na goti lake siku zote.

Watu walimwona ana kiburi. Unamsalimu kwa nyuma, anapita. Walimpa jina la Badda, yaani bahari, kwa sababu ujana wake aliumalizia huko, na kwa sababu, alisema Issack, "bahari nayo unaipigia kelele mpaka uchoke, haikujibu."

Alizaliwa upande wa Hulugho. Ukame mmoja ulimaliza ng'ombe wa baba yake, naye akashuka kwa miguu mpaka Kismayu kutafuta kazi ya kupakia mizigo. Akiwa huko akaajiriwa na Mtaliano mmoja, Renzo, aliyekuwa na mashua na hamu kubwa ya lulu. Mwanzo walizamia kwa pumzi zao tu, jiwe mguuni, kikapu shingoni. Baadaye Renzo alileta mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni, bomba la mpira la kuingia mdomoni, miwani ya kioo inayofunika hadi pua. Wapagazi wa bandarini walicheka. Mtoto wa wafugaji, aliyezoea kuchota maji kwa kibuyu, sasa anakwenda kukaa ndani ya maji kama samaki!

Keinan alikaa. Alishuka kwenye miamba ya matumbawe ambako maji yalikuwa ya vuguvugu kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na mwanga ulicheza juu ya mchanga. Chaza walijishikiza kwenye mwamba, safu juu ya safu, midomo wazi kidogo. Kivuli chako kikiwapitia, wanafumba. Ilibidi uje kutoka upande usio na jua, uingize kisu, uzungushe, utie kikapuni. Wengi hawakuwa na kitu ndani, magamba yao yakauzwa kutengenezea vifungo vya mashati. Mara moja moja ilitokea lulu kama punje ya mtama, na siku hiyo Renzo aliimba.

Chini kule masikio hayana kazi. Keinan alijifunza kutazama vitatange, wale samaki wa manjano wanaochezacheza juu ya matumbawe. Wakitoweka wote kwa pamoja ndani ya mashimo, jua papa yu karibu. Na kiunoni alifungwa kamba iliyokwenda juu hadi mkononi mwa mshika kamba. Mvuto mmoja: simama ulipo. Miwili: endelea. Mivuto mingi ya haraka haraka: papa. Hapo mzamiaji hakimbii juu, kwa maana papa hupenda kinachokimbia. Anajilaza chini, anaukumbatia mwamba, anakuwa mwamba. Hasogei mpaka kamba ilegezwe, kisha ivutwe mvuto mmoja mrefu wa polepole. Kila kamba ikivutwa kwa fujo zaidi, yeye hushika zaidi.

Masikio aliyaacha huko. Siku moja alikuwa na mafua makali. Aliwaambia, lakini Renzo alikuwa ameona safu nzuri ya chaza mahali penye kina, na bahari ilikuwa inakaribia kuchafuka. Keinan akazama. Alibana pua akapuliza, masikio hayakufunguka. Akaendelea kushuka. Kitu kikapasuka kichwani, dunia ikazunguka, maji ya baridi yakaingia mahali ambapo maji hayajawahi kuingia. Alipandishwa damu ikimtoka masikioni. Baada ya hapo yalioza, yakatoa usaha, yakapona, yakaoza tena, na kila yalipopona yalikuwa yamefunga mlango mwingine. Alirudi nyumbani akiwa anasikia nusu. Mwaka hadi mwaka nusu ile ikaisha. Katika harusi ya Kinsi alipiga makofi kwa kutazama mikono ya wenzake.

Basi, asubuhi moja Issack hakutoka. Homa ilimwangusha, akalala anatetemeka chini ya mablanketi. Sirad alikwenda kumjulia hali, akarudi mbio, akasimama mbele ya mumewe ili aone mdomo wake.

"Leo hutoki, baba Kinsi."

"Jana walikula kidogo. Leo wakikaa, kesho nachinja."

"Chinja! Bora nichinje mbuzi kuliko nizike mume."

"Ukishamchinja wa mwisho utanichinja mimi?"

Sirad hakucheka. Alikwenda nyuma ya kibanda, akaja na kamba ya singa waliyofungia mizigo ya ngamia walipokuwa na ngamia.

"Kwa Mtaliano ulikubali kufungwa," alisema. "Kwangu utakataa?"

"Mimi si ngamia, mwanamke!"

"Ngamia anasikia."

Keinan akaichukua ile kamba, akajifunga kiunoni chini ya shuka. Akamfundisha mkewe mivuto: mmoja, simama. Miwili, twende. Mingi, hatari. Alimpa maneno yale yale ya mashua ya Renzo, kwani hakuwa na mengine, na hakufikiri kumweleza mwili wake ungefanya nini ukiambiwa hatari. Jambo la miaka mingi hivyo, nani hulikumbuka? Sirad alichukua ruhusa ya kwenda kuokota kuni, na wakatoka hivyo, mume mbele, mke nyuma urefu wa ngamia watatu, kamba ikiburuzika katikati ya mbuzi mahali ambapo macho ya watu hayakai.

Mchana ulipita salama. Mbuzi walikula majani ya migunga hadi matumbo yakawa kama ngoma. Sirad alikusanya mzigo wake wa kuni. Jua lilipoanza kushuka wakageuza kurudi, na paa la mabati la nyumba ya mlinzi likaanza kuonekana kwa mbali, linametameta.

Jike mweupe akasimama. Keinan alitazama masikio yake: yalikuwa kulia. Akatazama wengine: yalikuwa kushoto. Nusu ya kundi ilielekea huku, nusu kule. Hakuwahi kuona hivyo. Sauti ilikuwa inatoka pande mbili, na yeye hakujua ageukie upi. Alibaki amesimama kati, akisubiri kamba imwambie.

Kamba ikamwambia. Mvuto, mvuto, mvuto, mvuto.

Hakuamua. Mwili ulijiamulia. Keinan alijitupa chini, uso mchangani, ubavu kwenye kichuguu, vidole vikakamata mzizi wa mgunga, na pumzi akaifunga.

Yaliyosemwa juu ya mgongo wake alikuja kuambiwa na Sirad baadaye, kwa mdomo na kwa mikono. Doria ilikuwa imetokea vichakani pande zote mbili za njia. Aliyeiongoza alikuwa Koplo Ndunda, mtu wa Ukambani, yule yule aliyesimama langoni jioni nyingi. Walipoona mtu anaanguka nyuma ya kichuguu, wote walipiga magoti na bolti zikalia.

"Wewe! Simama! Mikono juu!"

"Ni mume wangu, afande!" Sirad alipiga kelele. "Usibige! Usibige!"

"Mwambie ainuke!"

"Hasikii!"

"Hasikii nini? Ona alivyolala! Anatega bunduki huyo!"

"Hana bunduki, ana mbuzi!"

"Koplo, nimpige mguu?" aliuliza askari mmoja kijana, na shavu lake lilikuwa limeshalala juu ya kitako cha bunduki.

Sirad akavuta kamba. Kwake yeye ilikuwa ni kusema: inuka, inuka, inuka jamani. Kule chini Keinan aliupata ujumbe na akaushika mzizi kwa mikono miwili. Sirad akavuta tena kwa nguvu zote, akilia. Keinan akazidi kujibana na ardhi, mpaka mchanga ukamwingia puani. Papa bado yupo, kamba ilisema. Papa anazunguka. Usisogee.

"Ona! Anajichimbia!"

Sirad alielewa kwamba mkono wake mwenyewe ndio unaomuua. Hakujua kwa nini, ila aliona kila akivuta, mume anashikamana zaidi. Akaachia. Akainua mikono yote juu, kamba ikaanguka chini.

Keinan akahisi kamba imelegea. Alisubiri ule mvuto mrefu wa polepole. Haukuja. Kamba iliyolegea bila mvuto hakuwahi kuikuta baharini, na ikamtisha kuliko papa. Sirad! Akainua uso kuangalia, na mbele ya pua yake akaona kiatu cha jeshi.

Walimsimamisha kwa kumvuta shuka. Shuka ikafunguka, kamba ikaonekana.

"Hii ni nini? Mama, unamswaga mzee wako kama ngamia?"

"Nilikuwa namwambia asimame, afande. Masikio yake imekufa. Ilikufa baharini."

Koplo akawageukia wenzake. "Mmesikia? Baharini! Mama, hapa hata maji ya kunywa tunaletewa na lori, wewe unaniletea bahari?"

Askari walicheka. Koplo hakucheka. Alimsogelea Keinan, akamtazama usoni kwa muda.

"Huyu mimi namjua," alisema. "Kila jioni yuko pale langoni. Nikisema simama, anasimama. Nikiita jina, anainua fimbo. Miezi yote hii hajakosea hata siku moja. Leo, kwa vile amekutwa amelala kichakani, ndiyo amekuwa kiziwi?"

Sirad angesema nini? Kwamba mumewe husikia kwa masikio ya mbuzi?

"Kama ni mwongo, ni mtu wa mashifta," alisema Koplo. "Mpigisheni magoti. Na wewe mama, simama pale mbele yake. Ukimpa ishara yoyote, nitajua."

Keinan alipigishwa magoti jua likiwa mgongoni mwake. Mbele yake, mchangani, kulikuwa na kivuli chake, na juu ya kivuli chake kivuli cha Koplo, kirefu. Aliona kivuli kile kinainua mikono. Akaona mstari mwembamba wa bunduki ukitoka begani, ukija mpaka karibu na kichwa chake.

Ndiyo hivyo, aliwaza. Akaanza shahada moyoni.

Halafu akamtazama Sirad, kwa sababu alitaka uso wa mwisho uwe wake. Sirad hakulia tena. Alikuwa amenyooka kama nguzo, na macho yake yalikuwa makavu, yanamkazia. Hakupepesa, hakutikisa kidole. Miaka yote ile uso wa Sirad ulikuwa ukimwambia geuka, itikia, cheka sasa, wenzako wanacheka. Huu wa leo haukumwambia kitu. Na katika kutoambiwa kitu, Keinan akaelewa anatakiwa afanye nini.

Mbuzi waliruka. Kope za Sirad zilifumba. Hewa ya moto ilimpiga Keinan kisogoni, na kifuani kitu kikadunda kama mtu aliyegonga mlango kwa ndani. Alijua. Shingo ilitaka kugeuka. Miaka ya kujifunza kugeuka kila dunia inapogeuka, yote ilikuja kwenye shingo ile kwa mara moja na kumwambia geuka, geuka kama wenzako! Aliizuia kama alivyoizuia pumzi kule chini, wakati kifua kinalia kinataka hewa na hewa iko mbali juu. Aliwaangalia mbuzi wanavyotawanyika, na uso wake ukawa uso wa mtu anayejiuliza wamepatwa na nini.

Koplo alizunguka akaja mbele, mtutu wa bunduki yake bado unatoa moshi. Akachuchumaa, akamwangalia macho. Kijana mwenye bunduki alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe kwa vidole.

"Ni kiziwi, Koplo," alisema yule kijana. "Au ni jasiri sana."

"Jasiri angepepesa," alijibu Koplo.

Alikaa vile vile amechuchumaa. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa hasira, lakini hasira yenyewe haikujua iende kwa nani.

"Mzee, unajua mara ngapi ningekupiga risasi?" alimuuliza Keinan. "Unajua? Pale langoni! Usiku nilale na kitu kama hicho?"

Keinan alisoma sehemu tu ya maneno yale mdomoni. Alijibu kwa sauti ya juu mno, kama kawaida yake anaposahau: "Mbuzi wanapotea, afande."

Uamuzi ulitolewa palepale, mbuzi wakiwa bado wanakusanywa. Keinan Bulle hatavuka lango tena. Sirad akauliza nani atachunga.

"Si wewe una masikio?" alisema Koplo. "Toka na wewe. Lakini nikikuita, mama, usiniletee bahari."

Kesho yake Sirad alitoka na mbuzi. Keinan alibaki kwenye seng'enge kama walivyobaki wagonjwa na vipofu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia habari, na Issack, homa ikiwa imempungua, alikuja kujikokota na blanketi begani. Akasimama mbele ya Keinan, karibu kabisa, akafungua mdomo mpana kama anayemlisha mtoto.

"Kumbe siyo kiburi!"

"Usipige kelele," alisema Keinan. "Nasoma mdomo."

"Unasoma mdomo? Tangu lini?"

"Tangu unaitwa Issack."

Issack alifikiri. "Walaal, ndugu yangu, nimekuita majina mengi mimi."

"Uliyoniita kwa nyuma sijui. Ya mbele nayajua yote."

Issack alicheka mpaka akakohoa, kisha akakaa chini kando yake, na hakwenda nyumbani hadi alasiri. Alimwambia Keinan kila kilichosemwa langoni, hata kisichokuwa na maana.

Jua liliposhuka, wachungaji walianza kurudi. Keinan alisimama. Wakaja wa kwanza, wakaja wa pili, vumbi likatulia, na Sirad hakuwemo. Mkono wa Keinan ulishika waya wa seng'enge kati ya miiba miwili. Mlinzi alikuwa ameanza kusogeza lango.

Halafu kule mwisho wa njia vumbi dogo likainuka, na ndani yake jike mweupe, na nyuma yake Sirad anakimbia na mzigo kichwani. Mlinzi aliinua mkono, mdomo wake ukafunguka. Masikio ya mbuzi yakaruka. Sirad alikuwa amesimama kabla hayajatulia. Aliitikia jina la mumewe, kwa kuwa ndilo lililokuwa bado linaitwa, akaambiwa apite.

Keinan alikwenda mpaka mwisho wa ardhi aliyoruhusiwa kukanyaga. Mkewe alipovuka, alimtua mzigo wa kuni, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, mbele ya wanaume wote wa kijiji kile, akatangulia nao nyumbani.